Kumpata mpiga video wa harusi: sikiliza kabla ya kutazama

Katika bajeti ya harusi nyingi za Dar es Salaam, video huja mwishoni. Kamati hukaa vikao na vikao ikijadili ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo na MC, halafu kikao cha mwisho mtu ananyoosha mkono: "Na picha mnato na video je?" Kilichobaki kwenye michango ndicho kinachotengwa, na kazi anapewa yeyote aliye tayari kwa bei hiyo. Miaka mitano baadaye chakula kimesahaulika, mapambo yalisharudi kwa mwenyewe usiku uleule, na kinachotafutwa na familia ni ile video: babu akitoa nasaha, mama akimkabidhi binti yake, bwana harusi akitamka kiapo huku sauti inamtetemeka.

Ndiyo maana nashauri kazi hii ipangiwe fedha mapema, na mpiga video achaguliwe kwa masikio kwanza, macho baadaye. Picha ikiwa na giza kidogo, watu watavumilia. Nasaha za babu zikiwa hazisikiki, na babu mwenyewe hayupo tena, hakuna fundi wa kuzirudisha.

Hatua ya 1: Amueni shughuli zipi zinarekodiwa

Harusi zetu si za siku moja. Kuna kuvishana pete, kicheni pati, sendofu, ibada au nikahi, na sherehe ya ukumbini. Kila shughuli inaongeza gharama ya usafiri, wasaidizi na siku za kuhariri. Kaeni wawili, andikeni kila shughuli na tarehe yake, mahali, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mpiga video asiyeiona orodha hiyo atawatajia bei ya kubahatisha, kisha siku ya tukio mtaanza kuvutana juu ya saa za ziada.

Sendofu mara nyingi husimamiwa na upande wa bibi harusi kwa kamati yake, kwa hiyo familia mbili hujikuta zimeajiri watu wawili tofauti. Inawezekana, lakini kama pande zinaelewana ni afadhali mtu mmoja afanye yote na gharama zigawanywe. Akiwa ameshawajua wazazi na ndugu tangu sendofu, siku ya harusi hatahitaji kuonyeshwa shangazi ni yupi.

Fedha zikipungua, punguzeni shughuli au madoido, msiguse sauti. Mimi ningeanza na ibada au nikahi, kisha nasaha za wazazi, kisha kuingia kwa maharusi na keki. Droni ningeiweka mwisho kabisa.

Angalieni pia kalenda. Kwa kawaida Wakatoliki hawafanyi sherehe za harusi wakati wa Kwaresima, na Waislamu wengi huacha Ramadhani ipite, hivyo Jumamosi za baada ya Pasaka na siku za Mfungo Mosi hugombaniwa. Desemba nayo, wenyeji wanaporudi nyumbani Kilimanjaro, wapiga video wazuri wa Moshi na Arusha hushikwa mapema. Kama tarehe yenu imeangukia humo, anzeni kutafuta miezi sita kabla au zaidi.

Hatua ya 2: Ombeni kuona harusi nzima

Karibu kila mpiga video atawaonyesha trela ya dakika tatu: droni juu ya ukumbi, gauni likipepea taratibu, wimbo mtamu. Katika saa kumi za harusi, dakika tatu nzuri hazikosekani. Ombeni video kamili ya harusi moja, tangu mwanzo hadi mwisho, na iwe ya usiku, ukumbini, kama yenu itakavyokuwa. Asipotaka kuwatumia kwa sababu ya faragha ya wateja wake, hiyo ni dalili njema. Nendeni ofisini kwake mkaitazame hapohapo. Mtu aliyefanya kazi kwa muda huwa ana mteja aliyemruhusu kuonyesha.

Mkitazama, kazieni macho nyuso. Gauni jeupe, suti nyeusi na ngozi zetu katika picha moja ni mtihani mgumu kwa kamera. Ikiachwa ijipime yenyewe, hupunguza mwanga ili gauni lisiungue, na sura ya bibi harusi inazama gizani. Fundi anayejua kazi hupima mwanga kwa uso. Taa za zambarau na bluu ambazo wapambaji wanazipenda huwafanya watu waonekane kama wagonjwa, kwa hiyo angalieni kama ana taa yake ndogo anayoiwasha wakati wa keki na wakati wazazi wanaongea.

Jambo lingine ni mistari ya giza inayopanda na kushuka ukutani, au taa zinazopepesa katika video ilhali ukumbini zilikuwa zimetulia. Umeme wetu ni wa hezi 50. Kamera iliyoachwa kwenye mpangilio wa nchi za hezi 60, yaani picha 30 au 60 kwa sekunde, inaweza kugombana na taa zinazotumia umeme huo. Tiba yake ni kurekodi picha 25 au 50 kwa sekunde na kurekebisha kasi ya kufunga lenzi. Mpiga video ambaye kazi zake nyingi zina mistari hiyo hajajisumbua kuijua kamera yake.

Hatua ya 3: Vaeni hedifoni

Hapa ndipo penye uamuzi. Mwambieni awawekee sehemu tatu za harusi ileile aliyowaonyesha: kiapo au nikahi, nasaha za mzazi, na hotuba ya mtu mwenye sauti ndogo. Msikubali sehemu aliyoifunika kwa muziki. Sikilizeni kwa hedifoni, si kwa spika ya simu.

Hotuba ya ukumbini hufanyika hivi. Mama anaitwa na MC, anapokea maiki kwa mikono miwili, anaishusha karibu na tumbo kwa sababu hajazoea. Anaanza, "Mwanangu, leo..." na machozi yanamwahi. Nyuma meza ya mashangazi inapiga vigelegele, wahudumu wanakusanya sahani, DJ anateremsha wimbo lakini hauzimi kabisa. Kamera iko mita kumi na tano. Maiki iliyobandikwa juu ya kamera hiyo itachukua vigelegele, sahani na mwangwi wa spika. Mama atasikika kama anaongea kutoka chumba cha pili.

Mtu makini ana njia tatu za kuliepuka hilo, na huzitumia kwa pamoja. Kwanza huchukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye mikisa ya DJ, yaani mashine yake ya kuchanganyia sauti, kwa waya, ikaingia kwenye rekoda yake. Pili huweka rekoda nyingine karibu na spika, kwa sababu DJ anaweza kuzidisha sauti mpaka ikapasuka au kuchomoa waya bila kujua. Tatu, bwana harusi anabanwa maiki ndogo kwenye koti. Bibi harusi hahitaji ya kwake; wakisimama ana kwa ana, ile ya bwana harusi inamsikia vizuri tu.

Muulizeni mnayefanya naye mahojiano: "Sauti unaichukua wapi?" Akijibu kwa kutaja mikisa, rekoda na maiki za kubana, endeleeni naye. Akijibu kwamba kamera yake ni ya kisasa na ina maiki nzuri, mshukuruni, tafuteni mwingine.

Kwa nikahi swali hili lina uzito zaidi. Tamko la bwana harusi la kukubali ni la sekunde chache, mbele ya shehe, walii na mashahidi, na hakuna atakayeombwa arudie kwa ajili ya kamera. Mara nyingi bibi harusi mwenyewe hayupo msikitini, yuko nyumbani na wanawake wenzake. Video ndiyo itakayompa nafasi ya kusikia ndoa yake ikifungwa. Maiki iwe imebanwa na kujaribiwa kabla watu hawajaketi mkekani.

Kanisani tatizo kubwa ni mwangwi. Spika za kanisa hujaza jengo, na kamera iliyo nyuma ya mabenchi huvuna kelele tupu. Rekoda ndogo karibu na mimbari, pamoja na ile maiki ya kotini, humaliza kazi.

Hatua ya 4: Maswali ya kumuuliza uso kwa uso

Nani hasa atakuja siku hiyo? Studio zenye majina hupata kazi tatu au nne Jumamosi moja na kugawa vijana. Kijana anaweza kuwa hodari kuliko bosi wake, ila mnatakiwa mjue jina lake na muione kazi yake yeye. Jina hilo liingie kwenye mkataba.

Kamera yake inaandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja? Memori kadi huharibika bila kutoa taarifa. Kamera yenye nafasi mbili huandika nakala mbili papo hapo, na moja ikifa nyingine ipo. Kama ya kwake ina nafasi moja, basi awepo mpiga video wa pili katika ibada yote.

Usiku uleule anahamishia wapi kazi? Jibu mnalotaka ni "diski mbili tofauti". Rekodi ya 4K, yaani ya ubora wa juu, kwa kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde hula takriban GB 45 kwa saa. Kamera mbili zikirekodi saa sita ni GB 540. Ndiyo sababu wengine hufuta rekodi mbichi upesi kupata nafasi ya harusi inayofuata. Muulizeni anazitunza kwa muda gani, na kama mnaweza kuzinunua pamoja na diski yenyewe.

Muulizeni pia kuhusu umeme kukatika. Jenereta ya ukumbi huwaka baada ya muda kidogo, na rekoda inayotegemea soketi huzimika katikati ya hotuba. Vifaa vyake vya sauti viwe na betri.

Hatua ya 5: Ruhusa

Nendeni ofisi ya parokia au usharika mapema mkaulize taratibu za wapiga picha. Baadhi ya makanisa hayaruhusu mtu kuvuka kwenda madhabahuni, mengine hutaka majina yaandikishwe, mengine hukataza taa wakati wa ibada. Mpiga video azijue kabla, asije akasimamishwa na mzee wa kanisa pete zikiwa mkononi.

Shughuli za wanawake za Pwani zinahitaji uangalifu wa pekee. Usiku wa kupamba Mombasa na Lamu, singo Zanzibar, kesha Tanga: wanawake wamevua mabaibui, wamejiremba, wanacheza kwa sababu wanajua hakuna mwanamume anayewaona. Kumwajiri mpiga video mwanamke ni nusu tu ya kazi. Muulizeni anayehariri ni nani, kompyuta iko wapi na nani mwingine anaitumia. Nimeona wenyeji wakiwa waangalifu mlangoni, simu zote zimekusanywa, halafu kadi zinapelekwa studio yenye vijana wa kiume watano. Suluhisho ninalolipenda: familia inunue memori kadi zenyewe, zibaki nyumbani usiku ule, na uhariri ufanywe na huyohuyo mwanamke. Kisha iandikwe waziwazi kwamba hakuna hata kipande kitakachopandishwa mtandaoni.

Droni Tanzania iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Kenya chini ya KCAA. Anayewaahidi droni awaonyeshe kibali chake kwa maandishi, hasa kama ukumbi uko upande wa uwanja wa ndege. Kama hana, ondoeni droni kwenye bei.

Kwa ndugu walio Muscat, London au Minneapolis, wengi sasa wanataka mubashara. Ni huduma nzuri, lakini ina mambo yake: mtu wa peke yake wa kuisimamia, intaneti iliyojaribiwa ukumbini penyewe siku na saa kama hiyo, na laini ya pili ya mtandao mwingine. Mkitumia YouTube, chaneli iandaliwe siku kadhaa kabla, maana kuwashiwa huduma ya mubashara kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua hadi saa 24. Mjue pia kwamba muziki wa DJ unaweza kusababisha matangazo yakatwe kwa sababu ya hakimiliki. Fedha ikiwa haba, rusheni ibada tu.

Hatua ya 6: Mkataba na malipo

Hata akiwa mtoto wa mjomba, andikianeni. Ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida unatosha: majina kamili na namba za simu, tarehe, mahali na saa, idadi ya watu na kamera, jina la mpiga video mkuu na la atakayeshika nafasi yake akiugua, bei na saa za ziada. Kisha mtakachopokea: trela, filamu ya harusi, na hotuba zote za wazazi bila kukatwa. Hilo la mwisho lisisitizwe, kwa sababu wahariri hupenda kuzikata nasaha ili video isichoshe, na ndizo mlizolipia. Andikeni tarehe ya kukabidhi, mara ngapi mnaweza kuomba marekebisho, na nini kitatokea akichelewa.

Suala la kupandisha video mtandaoni liwe na kifungu chake. Wapiga video huitumia harusi yenu kujitangaza. Wengine hamtajali, wengine mtajali sana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina ya kwake ya 2019, lakini sentensi moja iliyosainiwa na pande zote itawaepusha na safari ndefu ya malalamiko.

Malipo yagawanyeni mara tatu. Tuseme mmekubaliana shilingi milioni 2: lipeni 600,000 kushika tarehe, milioni 1 siku chache kabla ya harusi, na 400,000 mkishapokea na kukagua kazi. Fedha iliyobaki ndiyo nguvu pekee mtakayokuwa nayo baada ya sherehe. Msikubali kumaliza malipo yote kabla, hata kwa punguzo.

Kuna mtego hapa ambao kamati nyingi hunaswa nao. Harusi ikiisha, kamati inavunjwa, mweka hazina anasoma taarifa, salio linagawanywa au linapewa maharusi kama zawadi, na hakuna aliyekumbuka zile 400,000. Mweka hazina azitenge kwa jina la mtu mmoja, dada au kaka, kabla ya kikao cha kuvunja kamati. Malipo ya simu yaende kwa jina linalofanana na lililo kwenye mkataba, na ujumbe wa muamala utunzwe. Studio iliyosajiliwa itoe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Hatua ya 7: Wiki ya harusi

Mkutanisheni mpiga video na MC na DJ, hata kwa simu ya pamoja. DJ ambaye hajaambiwa atakataa waya usiingizwe kwenye mikisa yake, na siku ya harusi hakuna muda wa kubembelezana. MC naye aombwe jambo moja: kumsaidia mzazi kuiinua maiki mpaka karibu na mdomo.

Mpeni ratiba na orodha ya watu ambao lazima waonekane, na mteueni ndugu mmoja anayewajua wote, atembee naye. Picha za nje, iwe ufukweni au bustanini, zianze saa kumi na nusu jioni kama mnaweza. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro mwaka mzima, na msafara unaochelewa saluni hufika ufukweni giza limeshaingia.

Na chakula. Watu hawa wamesimama tangu asubuhi. Wawekeeni sahani zao kwenye idadi ya wageni, wale kabla ya hotuba kuanza.

Hatua ya 8: Kupokea kazi

Msitazame trela mkamaliza malipo kwa furaha. Kaeni na video nzima, hedifoni masikioni, mkiwa na kalamu. Angalieni majina yameandikwa sawa, kiapo kipo chote, kila mzazi anasikika, hakuna sehemu ambapo mdomo unatangulia au kuchelewa kuliko sauti. Andikeni dakika na sekunde ya kila kasoro, mtume orodha moja. Kumtumia ujumbe leo na mwingine kesho kunachosha pande zote, na marekebisho mliyokubaliana yatakwisha upesi.

Pokeeni faili zenyewe, kwenye flashi au diski, si DVD peke yake, kwani kompyuta nyingi mpya hazina pa kuiingiza. Wala msitegemee iliyotumwa WhatsApp kama video ya kawaida. Huwa imebanwa na ubora umepungua. Wekeni nakala tatu: kwenu, kwa wazazi wa upande mmoja, na moja mtandaoni kwenye akaunti yenye nenosiri mnalolijua wote wawili. Shughuli za wanawake ziondoeni kwenye hiyo ya mtandaoni.

Mwisho, kabla ya kutuma zile 400,000, mwombeni faili za sauti mbichi za nasaha na kiapo, zile za rekoda. Ni ndogo, hazimgharimu chochote, na zinaingia hata kwenye simu ya bibi kijijini isiyo na nafasi ya kubeba video.